Mtoto wa Kulea Apewe Ukweli na Karatasi



Swali tunaloulizwa mara nyingi na akina mama wa kanisani kwetu hapa Buzebazeba, tena kwa sauti ya chini wakati wengine wamekwisha kutoka ibadani, si la homa ya mtoto wala la uzazi wa mpango, ingawa wanajua kwamba sisi ni wauguzi. Ni hili: "Huyu mtoto niliyemchukua ananijua mimi tu kuwa mama yake. Nimwambie?"

Jibu letu ni kwamba aambiwe, aambiwe mapema, na aambiwe na mama huyo huyo anayemlea. Zaidi ya hayo, aandikwe. Tunajua jibu hili linawauma wengine, basi tulieleze.

Mkoa wetu umezoea kupokea watoto. Mwaka 1996 vita vilipoanza Zaire, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti hadi upande wetu, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ikafunguliwa mwaka huo huo. Mei 2015 wakaja Warundi. Maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Katika misafara ya namna hiyo wapo daima watoto waliopotezana na wazazi wao. Hao hawagawiwi tu kwa yeyote aliyewapenda. Huandikwa jina, kijiji walikotoka, jina la baba na la mama, kisha hukabidhiwa familia ya kuwatunza huku ndugu zao wakitafutwa. Maana mtoto aliyepotezana na mama yake vitani hawi yatima mpaka ijulikane kweli kwamba ni yatima. Hata mwenye moyo mwema namna gani hana ruhusa ya kumfanya wake kwa sababu tu amemwogesha na kumlisha.

Na kabla ya hapo, mwambao huu ulijua huzuni kubwa zaidi. Ujiji ilikuwa njia ya misafara ya watumwa, na watoto walinunuliwa kama mizigo. Wapo waliokombolewa na wamisionari wakalelewa misheni. Mmoja wao alikuwa Adrien Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi ya mto Niger, ambayo leo ni Mali, akanunuliwa na Mapadre Weupe huko Algeria, wakamsomesha utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini kwetu kwenye ziwa hili hili, akawatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Sisi wauguzi tunamtaja kwa heshima. Lakini hapa tunamtaja kwa jambo lingine: mtu huyu aliyesimuliwa na wengi, mwenyewe pia aliyasimulia maisha yake, kijiji alikotekwa na yote yaliyompata. Alijua ametoka wapi, na kujua huko hakukumzuia kuishi na kuzeeka miongoni mwa watu wa Karema.

Turudi nyumbani. Sisi na mzee wetu tulimpokea binti yetu wa tatu akiwa na miezi mitano. Mama yake alikuwa amefariki baada ya kujifungua, baba hakujulikana aliko, na bibi mzaa mama alikuwa mgonjwa. Alikuja kwetu kupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na barua yake tumeihifadhi mpaka leo. Alipofikia umri wa kuuliza watoto hutoka wapi, tulianza kumwambia: kaka zako walitoka tumboni mwetu, wewe ulitoka kwa mama mwingine aliyekupenda na hakuwahi kukuona ukitambaa, nasi tukakupokea. Tulimwambia akiwa anatwangiwa kisamvu, akiwa anasukwa nywele, bila kumwita chumbani kwa kikao. Kwake ikawa hadithi kama hadithi nyingine.

Mama mkwe hakupendezwa. "Wanangu, mnamfukuza mtoto kwa mdomo wenu. Akishajua, atawakimbia."

"Mama," mzee wetu alimjibu, "hapa mtaani nani hajui? Ni yeye peke yake aliyekuwa hajui."

Hilo ndilo jambo ambalo wengi hatulitazami. Siri ya mtoto wa kulea haiwi siri. Inajulikana kisimani, inajulikana kwa muuza dagaa, inajulikana kwa watoto wa jirani, nao watoto wakigombania mpira hawachagui maneno. Neno "wewe wa kuokotwa" likimfikia mtoto asiyejua, linamwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba hakuzaliwa hapa, na kwamba mama yake amemdanganya. La pili humchoma zaidi. Likimfikia anayejua, linamkuta ana la kujibu. Binti yetu alijibu, tulivyosimuliwa na mwalimu wake, "Ndiyo, walinichagua, wewe walikupata tu." Tulimkemea kwa jeuri hiyo, lakini tukacheka chumbani.

Kuna sababu nyingine ambayo twaiona kazini. Mtoto akiletwa na maumivu ya viungo na upungufu wa damu, tunauliza kama katika ukoo kuna selimundu, maana ugonjwa huo mtoto huurithi kwa baba na mama waliomzaa. Mama aliyeficha hujibu kwa ukoo wake mwenyewe: hakuna. Hasemi uongo kwa nia mbaya, amekwisha kujisahau. Lakini jibu hilo linaweza kutuchelewesha. Akina mama, mkiwa mbele ya mganga au muuguzi, semeni kweli, hata kama ni kwa kuomba mtoto atoke nje kwanza.

Sasa tuje kwenye karatasi. Tunamfahamu mama mmoja, hatumtaji, ambaye yeye na mumewe walimlea kijana tangu akiwa mchanga. Kijana alitumia jina la baba huyo shuleni, alikaa naye kanisani, alimuuguza. Mzee alipofariki, baada ya arobaini ndugu wakaketi, wakasema kwa upole kabisa: huyu ni mtoto mzuri, Mungu ambariki, lakini si wa damu. Mjane akatafuta hati yoyote, hakuna. Mapenzi ya miaka 14 yalikuwepo, mashahidi wake walikuwa mtaa mzima, lakini hayakuandikwa popote. Na yupo aliyesimama kikaoni akatoa ile methali, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Sisi methali hiyo tunaiheshimu kama kauli ya wazee, ila ikitumiwa kumtoa mtoto ndani ya nyumba tunaikataa waziwazi. Kijana yule ndiye aliyekuwa akimgeuza mgonjwa usiku. Waliozaliwa naye walifika siku ya mazishi.

Mtume Paulo, katika barua kwa Warumi na kwa Wagalatia, anatuita watu waliofanywa wana, na hapo hapo anataja urithi. Wasomaji wake walimwelewa, maana katika sheria ya Kirumi aliyeasiliwa alikuwa mrithi kamili. Hata Kaisari Augusto, yule Luka anayemtaja katika habari za kuzaliwa kwa Yesu, alikuwa mwana wa kuasiliwa wa Yulio Kaisari. Basi tukiimba kwamba Mungu ametufanya wana, halafu mtoto tuliyemlea tukamwacha bila haki nyumbani, tunaimba nini?

Sheria yetu ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatenganisha malezi ya kambo na kuasili. (Neno kambo linatuchanganya, maana mitaani mtoto wa kambo ni yule mume au mke aliyekuja naye.) Katika malezi ya kambo unakabidhiwa mtoto umtunze, lakini kisheria hajawa wako. Kuasili ni amri ya Mahakama: haki na wajibu wa wazazi wa kwanza huhamia kwenu, na mtoto huandikwa katika daftari la watoto walioasiliwa. Mwombaji asiye ndugu anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Safari huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa au wilaya, ambaye huja nyumbani, huuliza maswali mengi, na wengine huudhika nayo. Msiudhike. Mngependa mtoto wenu apewe watu wasioulizwa? Zamani wenzetu walikuwa wakifuata Mahakama Kuu hadi Tabora. Siku hizi ipo hapa hapa Kigoma. Anayelea mtoto wa ndugu na haoni haja ya kuasili, basi walau aandike wosia wenye mashahidi, na amtaje mtoto kwa jina.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Ujiji, wana utaratibu wao: humlea yatima bila kumbadilisha jina la baba yake, na anayetaka kumwachia kitu huweza kumwusia ndani ya theluthi ya mali yake. Imani yetu ni nyingine, lakini katika hilo la kutomfutia mtoto alikotoka wametutangulia wengi wetu.

Tusiseme kwamba kumwambia mtoto ni mteremko. Alipotimiza miaka 10 binti yetu alianza kunyamaza mezani. Siku moja akauliza pua yake ni ya nani. Hatukuwa na picha ya kumwonyesha, kwa kuwa mama yake hakuacha hata moja. Tulilia kidogo, si haba, maana kuna siku mama mlezi anaona kama anashindana na marehemu, na marehemu hakosei. Tulipeleka jambo hilo katika maombi, kisha tukamwomba Afisa Ustawi atusaidie kumtafuta ndugu yeyote aliyebaki.

Alipatikana mama mdogo, yupo Kalinzi, analima kahawa na ndizi. Tulipanda gari asubuhi na kapu la dagaa na chupa ya mawese. Mama mdogo alitoka shambani na matope miguuni, akamtazama mtoto, akasema, "Pua ya dada," kisha akaketi chini pale pale uani. Binti yetu alimshika mkono, akatugeukia sisi, akauliza, "Mama, huyu nimwite nani?" Tukamwambia amwite mama mdogo. Siku hizi wakati wa likizo huenda huko wiki moja, na akirudi huja na mkungu wa ndizi na maneno mengi ya Kiha ambayo kaka zake hawayajui.