Vichaka vya Itigi Vinahitaji Ulinzi

Ndugu zetu wa visiwani wanaijua faida ya kuulinda msitu kabla haujatoweka: Jozani, makao ya kima punju, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Mkoani Singida, vichaka vya Itigi havijapata heshima hiyo. Uoto huu mnene, ambao mfano wake uko kaskazini ya Zambia tu, unazidi kufyekwa kwa ajili ya mashamba na mkaa. Huko Zambia sehemu kubwa imekwisha kuteketea. Mkulima anahitaji ardhi. Hilo halina ubishi. Lakini shamba lililochoka hurutubishwa kwa samadi, hali kichaka kilichong'olewa mizizi hakirudishwi kwa samadi. Serikali haina budi kuiweka mipaka sasa, ikishirikiana na wanavijiji wenyewe.