SIKU YA FAHARI HAINGOJI CHETI

Ndugu msomaji, uniwie radhi kwa swali hili: ni siku gani maishani mwako uliyojivunia kuliko zote? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Swali hilo liliulizwa katika kikao cha Chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, ili wanachama wazoee kuzungumza mbele ya watu. Majibu yalitiririka kama maji ya mfereji. Huyu alitaja siku ya matokeo ya KCPE, mtihani ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Yule alitaja siku aliyoitwa mbele ya gwaride kwa kuwa wa kwanza katika Hisabati. Mwingine akataja siku mchezo wetu wa kuigiza ulipofika kiwango cha kaunti. Nami nikasimama, nikakohoa kidogo kama mheshimiwa, nikazitaja alama zangu 371 kati ya 500. Makofi yakapigwa.

Ikafika zamu ya mwenzetu mmoja ambaye hupenda kukaa nyuma. Jina lake nalihifadhi. Alisimama, akatazama sakafu, akasema, "Mimi bado sijapata siku kama hiyo." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka. Aliketi, na hakusema neno jingine mpaka kengele ilipolia.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilijiuliza: inawezekanaje mtu aishi miaka 17 bila siku hata moja ya kujivunia? Au ni sisi tuliomfundisha kwamba siku ya fahari ni ile tu inayotangazwa kwa kipaza sauti?

Basi Jumamosi iliyofuata nikaamua kuwauliza wengine. Nilianzia langoni kwa mzee wetu, yule tunayemwita soja. Alinitazama kwanza kana kwamba ninataka ruhusa ya kutoka nje kwa ujanja. Alipoona sina hila, akasema: "Kijana wangu, miaka mingi nilipokuwa nikichukua mshahara nilikuwa natia kidole kwenye wino. Nikaanza kwenda ngumbaru jioni jioni, wenzangu wakinicheka. Mwisho wa mwezi mmoja karani akanisogezea wino kama kawaida. Nikamwambia, leo lete kalamu." Nilimuuliza karani alisema nini. Mzee akacheka. "Hata hakuinua macho! Lakini mimi nilikwenda nyumbani kwa miguu nikisahau kupanda gari."

Kutoka hapo nikaenda jikoni. Mama mpishi alikuwa akichagua maharagwe, naye akajibu bila kuinua mikono: "Kuna siku mvua ilinyesha usiku kucha, kuni zote zikalowa chepechepe. Tuliamka saa tisa za usiku tukapuliza moto mpaka macho yakavimba. Saa ya uji ilipofika, uji ulikuwa tayari. Nyinyi mlikunywa, mkanung'unika kwamba sukari ni kidogo, mkaenda zenu darasani. Mimi nilikaa hapa nikacheka peke yangu."

Ndugu msomaji, asubuhi hiyo ninaikumbuka. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walionung'unikia sukari.

Tazama basi. Watu wawili wazima, na hakuna aliyenitajia cheti wala makofi. Kila mmoja alinitajia siku aliyoshindana na jambo gumu akalishinda, na hakuna aliyeona. Wahenga hawakukosea waliponena, usione vyaelea, vimeundwa.

Pengine kuna atakayesema, "Aa, hao ni watu wa kawaida tu. Wakubwa fahari yao ina vyeti." Haya, tuwatazame hao wanaojulikana.

Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mnamo Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine. Mwaka 2005 alikwenda mpaka New York kuutetea ufunguzi wa milango ya shule kwa watoto wote. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kuufanya mtihani wa KCPE. Kwa hivyo mzee huyo hana alama hata moja za kusomewa gwarideni. Nani kati yetu atathubutu kusema hakuwa na siku ya fahari?

Mwingine ni Eliud Kipchoge. Mwaka 2017 kule Monza, Italia, alijaribu kukimbia mbio za marathoni kwa muda usiofika saa 2. Alimaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Hakukata tamaa. Tarehe 12 Oktoba 2019 alijaribu tena jijini Vienna, Austria, akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi, na tunajua tulikuwa wapi siku ile. Lakini muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, kwa kuwa haikuwa mashindano ya kawaida, na wakimbiaji wengi walikuwa wakipokezana kumsaidia kushika kasi. Rekodi rasmi haipo, fahari ipo. Tena ukiitazama picha ya mwisho wa mbio zile, utawaona wale wasaidizi nyuma yake wakiruka kwa furaha kana kwamba ni wao walioshinda. Na kwa kweli walishinda.

Hapo ndipo nilipozikumbuka tena zile alama zangu 371. Mgala muue na haki yake mpe: sisemi alama si kitu. Nilizitolea jasho, na siku zilipotoka nyumba yetu ilijaa vigelegele. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniomba niusome ujumbe wa simu mara ya pili, kisha akatoka nje akasimama kando ya zizi kwa muda mrefu. Jirani walikuja wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine.

Dada yangu alikuwa jikoni akiwachemshia chai jirani hao. Mwaka mzima ndiye aliyekuwa akichota maji zamu yake na yangu, ili mimi nipate kudurusu. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa kukosa karo. Siku hiyo hakuna aliyemshika mkono, hata mimi. Niliposimama kwenye kikao cha Chama nikakohoa kama mheshimiwa, jina lake sikulitaja. Likizo iliyopita nilimwambia, "Dada, zile alama ni zetu sote." Alinipiga kofi dogo begani akasema, "Umechelewa, lakini asante." Nakwambieni kweli, sasa nikiulizwa siku yangu ya fahari, nitaitaja hiyo.

Ndipo nikamtafuta yule mwenzetu wa kiti cha nyuma. Kwanza nilimwomba msamaha kwa kicheko changu. Kisha nikamuuliza swali kwa namna nyingine: "Ni siku gani ulifanya jambo gumu ambalo hakuna aliyeliona?" Alifikiri. Akasema kwamba mwaka juzi mama yake alilazwa hospitali kwa wiki tatu. Yeye akabaki na wadogo zake wawili, akiamka alfajiri kuwapikia, kuwafulia sare na kuwafikisha shuleni kabla ya kwenda kwake. "Hawakuchelewa hata siku moja," akasema. Halafu akainamisha kichwa. "Lakini hicho si kitu."

Ni kitu, ndugu yangu! Ni kitu kikubwa kuliko zile alama zangu, maana mimi nilikuwa na wa kunichotea maji.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu wapendwa na wanachama wenzangu. Siku ya Wazazi tuendelee kuwatuza waliofanya vyema mitihani, maana wanastahili. Lakini Chama chetu kitenge ukurasa mmoja katika gazeti hili kila mwaka, tuandike siku za fahari ambazo hazikupigiwa makofi: za wapishi, za mabawabu, za wazazi, na za wanafunzi wanaokaa nyuma. Na mwenye kusimama kupokea zawadi, amtaje kwa jina angalau mtu mmoja aliyemchotea maji.

Wewe unayesoma, rudi sasa kwenye lile swali langu la kwanza. Jibu polepole. Naweka kalamu chini.