Presha Haipimwi kwa Kutoboa Kidole

Imani iliyoenea katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni kwamba shinikizo la juu la damu, maradhi ambayo wenyeji, kama Watanzania wengine, huyaita presha ya kupanda, ni kasoro iliyomo ndani ya damu yenyewe, na kwa hiyo mtu aliyepimwa damu akaambiwa kuwa iko safi hana sababu ya kuyahofia. Imani hiyo ni potofu tangu mzizi wake, na madhara yake yanazidi yale ya kutojua tu, kwa sababu asiyejua aweza kuuliza, lakini anayeamini kwamba amekwisha kupimwa hana la kuuliza, naye hurudi nyumbani kwake Sirari, Nyamongo au Mugumu akiwa na utulivu ambao hakuna kipimo kilichompa.

Shinikizo la damu ni nguvu ya msukumo wa damu kwenye kuta za ateri, yaani mishipa itoayo damu moyoni, na nguvu hiyo hutegemea jinsi moyo unavyosukuma, jinsi mishipa midogo ilivyobana au kulegea, na jinsi figo zinavyoamua kiasi cha chumvi na maji kitakachobaki mwilini. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa namba mbili, ya juu ikiwa ya wakati moyo unapojikaza na ya chini ya wakati unapolegea, na mtu mzima huhesabiwa kuwa mgonjwa pale vipimo vya siku tofauti vinapofikia 140 kwa 90 au kuzidi. Maji ya bomba yaweza kuwa safi kabisa na bado yakaupasua mpira. Tone la damu lililokwisha kutoka kidoleni halina tena msukumo wowote wa kupimwa.

Kosa hilo halikuzaliwa na ukaidi wa wananchi. Katika mkoa ambao malaria haijaondoka, mtu mwenye homa hutobolewa kidole kwanza, na pengine hutolewa damu zaidi kwa ajili ya tifoidi, wingi wa damu au virusi vya Ukimwi. Kila kimoja ni kipimo halali cha swali lake, lakini ziara nyingi za namna hiyo zimewafundisha watu kwamba kupimwa ni kupimwa damu, na kwamba jibu la maabara ni jibu la mwili mzima. Juu ya mazoea hayo umejengwa uchuuzi wa mashine za kushikwa kiganjani, zinazodaiwa kusoma viungo vyote kwa dakika chache. Huo ni unyang'anyi wa fedha za mkulima, na hauna jina la heshima zaidi.

Wapo wasomi wanaoitetea imani hiyo kwa hoja nzito kidogo, kwamba sayansi imegundua viashiria vya damu, yaani kemikali ambazo kiwango chake hubashiri nani atapata presha miaka ijayo. Ugunduzi huo ni wa kweli. Mwaka 2003 utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake zaidi ya 20,000 ulionyesha kwamba wale wenye kiwango kikubwa cha CRP, protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani au maambukizi, walipata presha kuliko wenzao; mwaka 2004 watafiti wa Framingham, mji wa jimbo la Massachusetts, waliona uhusiano kama huo kwa aldosteroni, homoni inayoziamuru figo kuzuia chumvi; na mwaka 2007 watafiti wa huko huko walipopima viashiria tisa kwa pamoja, vitatu ndivyo vilivyosimama, yaani CRP, protini nyingine inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, na albumini, protini inayovuja kwenye mkojo. Msomaji makini atatambua kwamba kimoja kati ya hivyo vitatu hakipimwi hata katika damu.

Lakini kiashiria hutaja uwezekano tu, na uwezekano huo ulikadiriwa kwa Wamarekani, wengi wao wazungu wanaoishi mahali pasipo na malaria. CRP ya mtu wa Tarime aliyetoka kuugua malaria au nimonia hupanda mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa huo, na haimwambii daktari lolote la kutegemewa kuhusu presha ya miaka mitano ijayo. Hata kipimo cha kawaida kama kreatinini hupotosha: taka hiyo ya misuli ambayo figo huichuja na ambayo ndiyo hutumika sana kuzikagua figo, hupanda kwa muda baada ya mlo wa nyama iliyopikwa, huwa juu kwa mtu mwenye misuli mikubwa, na mara nyingi haivuki mpaka wa kawaida mpaka figo zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Mfugaji wa Kikurya anayekula nyama choma na kuchunga ng'ombe tangu utoto aweza kutishwa na kipimo hicho bila sababu, au kutulizwa nacho pasipostahili. Na linaloimaliza hoja ni kwamba mwaka 2008 watafiti wa Framingham wenyewe walipotunga kanuni ya kukadiria nani atapata presha, walichukua umri, jinsia, msukumo wa damu wa wakati ule, uzito kulinganishwa na urefu, uvutaji wa sigara, na kama wazazi walikuwa na presha. Kanuni hiyo haihitaji hata tone moja la damu.

Imani hiyo ina pacha wake, nayo ni dhana kwamba damu ya watu wa huku, wembamba na wachapakazi, ina kinga ya asili, na kwamba presha ni ya wanene na matajiri wa mjini. Dhana hii iliwahi kuonekana kama ina ushahidi. Mwaka 1929 C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kisii, katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, ng'ambo tu ya mpaka wa Tarime, alichapisha katika jarida la Lancet taarifa kwamba kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili hakukuta hata mmoja mwenye presha, na kwamba kwa watu wapatao 1,000 wenye afya aliowapima, msukumo ulielekea kushuka baada ya umri wa miaka 40 badala ya kupanda. Kama siri ilikuwa ndani ya damu, basi wajukuu wao wangeirithi. Mtafiti Neil Poulter na wenzake walionyesha vinginevyo mwaka 1990, walipochapisha matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini kando ya Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi: msukumo wao ulikuwa juu kuliko wa waliobaki nyumbani tangu miezi ya mwanzo, na mkojo wao ulionyesha sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, kwa wingi na potasiamu kidogo. Ukoo ulikuwa ule ule, lakini chumvi ilikuwa nyingine.

Chumvi hiyo haimsubiri tena mtu Nairobi. Imo katika pakiti za kila duka la kijijini, imo katika fungu linalowekwa pembeni ya sinia la nyama choma, kando ya mchuzi mchungu uitwao kichuri na pilipili, ambamo kila pande huchovywa kabla ya kuingia mdomoni, na imo, bila wengi kujua, katika magadi yanayolainisha maharage na mboga za majani, kwani magadi nayo ni sodiamu. Munyu wa zamani, uliochujwa kutoka katika majivu ya mimea, ulikuwa na potasiamu kwa wingi, na potasiamu huisaidia figo kuitoa sodiamu. Wala presha si ugonjwa wa wachache: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta presha kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Vipimo vya damu vina nafasi yake baada ya presha kugunduliwa, pale kreatinini, potasiamu, sukari na mafuta vinapomwongoza tabibu kuchagua dawa, na ukanda wa kuchovya kwenye mkojo unapoonyesha kama figo zimeanza kuvujisha protini. Kabla ya hapo, kinachotakiwa ni mashine ya presha, ambayo zahanati nyingi tayari zinayo kwa ajili ya kliniki ya wajawazito, ambako hutumika kuwahi dalili za kifafa cha mimba. Mwanamume wa miaka 50 aliyeketi kwenye benchi la nje akisubiri majibu ya malaria yuko hatua chache tu kutoka kwenye mashine hiyo, na huondoka bila kuvishwa kitambaa chake mkononi. Udhuru kwamba homa na maumivu hupandisha msukumo una ukweli, na dawa yake ni kumtaka arudi baada ya kumaliza dozi, akae kimya dakika tano, mgongo ukiwa umeegemezwa na mkono ukiwa usawa wa moyo, apimwe mara mbili, na namba zote ziandikwe katika daftari lake la matibabu, kwenye ukurasa ule ule ulioandikwa kwamba malaria haikuonekana.