"Nzuri, ila..."



Mafrateri tumerudi kutoka likizo ndefu, na kama kawaida wiki ya kwanza nzima ni ya kupeana habari. Huyu dada yake ameolewa, yule mdogo wake amehitimu chuo Dodoma, mwingine alikuwa kwenye kamati ya upadrisho wa binamu yake na bado sauti haijamrudia kwa kuimba. Nimesikiliza kwa furaha. Lakini baada ya siku nne za habari hizo nimebaki na neno ambalo naona heri niliseme hapa: likizo zetu zina sherehe nyingi kuliko makazi. Tunarudi nyumbani kuhudhuria, hatukai. Mimi ni mtu wa Tukuyu, kwa hiyo mifano yangu itatoka Rungwe; wa Rombo na wa Karagwe mtaongeza ya kwenu.

Tuanze na jinsi likizo ya frateri ilivyo. Unafika Mbeya usiku, asubuhi unapanda kosta, na ukishavuka Kiwira baridi ya Juni inakukumbusha sweta uliloliacha. Unaripoti kwa paroko. Parokia imekwisha kukupangia: mafundisho ya Kipaimara, semina ya vijana, watoto wa Utoto Mtakatifu, ibada kigangoni Jumapili ambayo padre hafiki. Kazi hizo ni njema na ndiyo shule yetu. Jumamosi zinazobaki zinachukuliwa na ndoa, jubilei na kipaimara cha mtoto wa jirani, na kila mahali Frateri anaketishwa meza ya mbele na kuombwa abariki chakula. Ndugu zako wanakuona. Wanakuona kwa mbali, ukiwa na kipaza sauti.

Habari nyingine unazipata kwenye kundi la familia la WhatsApp. Silidharau. Kwa familia iliyotawanyika Dar es Salaam, Tunduma na Mbarali, bila kundi lile hata michango ya bibi ya hospitali isingekusanyika. Ila kundi lina tabia yake: linapenda habari yenye picha. Komunyo ya Kwanza ina picha, joho la mahafali lina picha, bati jipya la mjomba lina picha, na chini yake hongera, hongera, hongera, na mikono iliyofumbatwa. Mwaka huu ukisoma kundi letu ungesema ukoo mzima umebarikiwa toka Januari.

Shangazi yangu anafuma vitambaa vya makochi. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina kazi ya mkono wake, na nyuzi zile ndizo zilizosomesha watoto wawili. Nilipokwenda kwake nilikuta sindano ya kufumia imechomekwa kwenye kitambaa kilichofika nusu, na vumbi juu yake. Nikamsalimu, "Habari za siku nyingi, shangazi?" Akajibu nzuri. Tukanywa chai. Ilipita saa nzima, tukawa tunachambua maharage kwenye ungo, ndipo aliposema, "Nzuri, ila macho, mwanangu." Haoni tundu la uzi tangu Pasaka. Kwenye kundi hakusema, maana wiki ile watu walikuwa wanapanga ndoa, na yeye hakutaka kuonekana anakwepa mchango.

Na hilo bati jipya la mjomba? Mjomba ameng'oa sehemu ya chai na kupanda parachichi, kama wanavyofanya wengi Rungwe siku hizi, na miche mingine imeingia upande ambao dada yake anasema aliachiwa na babu. Wawili hao hawajasalimiana tangu mvua za masika. Kwenye kundi wanaitikia "Amina" kwenye sala ileile ya asubuhi, mmoja chini ya mwingine.

Salamu zetu Waswahili zina utaratibu ambao mgeni huuona wa ajabu. Ukiulizwa habari, jibu ni nzuri, hata kama unatoka makaburini. Huo si uongo. Ni heshima: unamfungulia mtu mlango kabla ya kumwonyesha chumba kilichobomoka. Habari yenyewe inakuja baadaye, nyuma ya neno dogo "ila". Hongera unaweza kuituma kwa simu ukiwa popote. "Ila" hulisikii usipokuwapo, tena kwa muda, na mara nyingi halisemwi macho kwa macho. Linasemwa mikono ikiwa na kazi: mtu anamenya ndizi, anasuka, anapukuchua mahindi. Ukimkalisha shangazi sebuleni na kumhoji kama karani wa sensa atakwambia nzuri mara kumi.

Mimi nasoma falsafa, kwa hiyo mtanivumilia kidogo. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anasema umbali hauvunji urafiki wenyewe bali unazuia utendaji wake. Ila umbali ukidumu, urafiki nao husahaulika. Anataja pia methali ya zamani kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Niliposoma hapo nilicheka, maana Wanyakyusa tuna neno zima kwa jambo hilo: ukwangala. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alilieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Ni kukaa na watu kwa raha, kula na kunywa nao, kuzungumza na kusaidiana, na wazee waliamini kwamba humo ndimo mtu anamopata akili. Anayekula peke yake alitiliwa shaka.

Niwe mkweli kwa kitabu: wazee wale waliutafuta ukwangala hasa kati ya marika, si kati ya baba na mwana. Wavulana walitoka nyumbani wakiwa bado wadogo, wakajenga kijiji chao. Frateri mwenzangu uliyeingia seminari ndogo na sanduku la bati, maisha hayo hayakushangazi. Sisi nasi tunaishi katika kijiji cha rika. Lakini wavulana wale waliendelea kwenda kula kwa mama zao na kulima shamba la baba. Kijiji cha rika hakikuwaondoa kwenye chungu cha nyumbani. Hapo ndipo wametuzidi.

Na kwa kuwa nimetaja chungu: Jumamosi moja nilimsindikiza mama mdogo Matema, ziwani Nyasa, kununua vyungu vya Wakisi anavyokuja kuuza Tukuyu. Wanawake wa Kikisi, kama wale wa Ikombe, ndio wafinyanzi, na vyungu vyao vinaletwa sokoni kwa mitumbwi. Safari nzima ilikuwa ya kubeba, kufunga kwa majani ya migomba na kubembeleza kondakta asiweke gunia juu. Sikubariki chakula hata mara moja. Nilijua kwa siku ile mambo ya familia yangu kuliko nilivyojua kwa miaka mitatu ya seminari: nani anadaiwa, nani ameacha kusali jumuiya na kwa nini, binti yupi hakuolewa kwa furaha kama picha zilivyoonyesha. Chungu kimoja tu kilipasuka.

Kuna frateri aliniambia kwamba hayo ni mambo ya umbea, na mtu wa Mungu asiyaingilie. Sikubaliani naye. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992, anataka ubinadamu wa padre uwe daraja la kuwafikisha watu kwa Kristo, usiwe kikwazo. Daraja linajengwa wapi kama si hapo? Kesho utaketi kwenye kitubio na mama mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba atapiga magoti. Usipokuwa umewahi kukaa kati ya mjomba na dada yake, ukashindwa hata kujua uanze na nani, utampa jibu la kitabuni.

Tena tazama Bikira Maria. Habari ya Elizabeti alikuwa nayo tayari, tena kutoka kwa malaika, hakuna kundi lenye uhakika kuliko hilo. Angeweza kushangilia akiwa Nazareti. Luka anasema aliondoka kwa haraka hadi nchi ya milimani, akakaa huko kama miezi mitatu. Tunaisali Magnificat kila jioni na tunaipita miezi hiyo mitatu kana kwamba ni nauli tu ya kufikia wimbo.

Najua kikwazo kikubwa ni aibu ya mikono mitupu. Ndugu wanachanga, wewe huna kitu, na kwenda kwa shangazi bila hata sukari kunauma. Ni kweli. Lakini kwetu Rungwe anayekuja mikono mitupu ndiye anayeondoka na mkungu wa ndizi kichwani, na kumnyima mtu nafasi ya kukupa mkungu huo nako ni kumnyima kitu. Zaidi ya hayo, frateri ndiye pekee katika ukoo anayeweza kukaa siku mbili bila mtu kufikiri amekuja kukopa au kudai urithi. Kwa mjomba nililala siku mbili. Hatukuzungumzia mpaka. Siku ya pili jioni alinipa maziwa ya mgando nipeleke kwa dada yake, akasema nisiseme yametoka wapi. Nilipofika, dada yake aliitazama chupa akaijua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mamlaka ya kupanga, yaani maparoko na walezi wetu. Utume wa likizo ubaki. Lakini katika wiki tunazokaa parokiani, moja iachwe wazi, isiwe na semina wala kigango, na barua ya paroko isimhesabie frateri wiki hiyo kama uvivu. Nasi mafrateri tusiijaze kwa ndoa za marafiki. Iwe ya kwenda kwa wale ambao mwaka huu hawakuwa na sherehe yoyote.