Bibi alikuwa na majibu, hatukumuuliza

Jumamosi iliyopita jioni mwanangu wa kidato cha pili alinikuta sebuleni nimeinamia simu, natabasamu peke yangu. Akauliza, "Mama, nani huyo anakuchekesha?" Nikamwambia njoo uone.

Nilikuwa nimekutana mtandaoni na vipande vya kipindi cha zamani cha chemsha bongo, kile kilichoanza mwaka 2007 kikiitwa Celtel Africa Challenge na baadaye Zain Africa Challenge. Kwa msomaji ambaye hakukishuhudia, zilikuwa timu za wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na baadaye nchi nyingine za Afrika. Kila upande umekaa, kidole kwenye kitufe, na mwendeshaji wa kipindi, Mkenya John Sibi-Okumu, anauliza maswali kwa utulivu wa mwalimu wa zamani. Anayewahi kubonyeza ndiye anayejibu.

Kwa sisi wa Dodoma kipindi kile kilikuwa na utamu wa ziada. Mwaka huohuo wa 2007 ndipo Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa. Mji wetu uliokuwa ukijulikana kwa zabibu, vumbi na vikao vya Bunge ukaanza kujaa wanafunzi. Nyumbani kwetu Nkuhungu tulikuwa na televisheni moja yenye mgongo mrefu, na majirani walikuja kuangalia. Tulibishana, tulikisia, tulishangilia majibu ambayo hata hatukuyajua.

Sasa tukiwa tunaangalia pale sebuleni, akaja na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 22 anayeishi nasi. Huyu kwa kawaida ukimwona na simu ujue anapanga mkeka. Wiki mbili kabla alikuwa amepoteza kwenye kubeti fedha alizopewa na baba yake za kwenda kujifunza udereva. Nyumba ilikuwa bado na ukimya wa jambo hilo. Alikuwa akila chakula chake haraka na kutoka, asije akaulizwa.

Mama yangu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi, alikuwa kwenye mkeka wake wa ukindu akichambua mlenda. Akauliza, "Hao wanasemaje?" Mwanangu akamjibu kwamba wanaulizana maswali, ila kwa Kiingereza. Bibi akasema, "Ahaa, ni wale wale," akaendelea na mlenda wake.

Neno lile lilinichoma. Nikakumbuka kwamba miaka ile, kipindi kikianza, mama alikuwa akiinuka taratibu na kwenda jikoni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilidhani anakwenda kuangalia ugali. Kumbe kwa nusu saa nzima sebule yake mwenyewe ilikuwa ikizungumza lugha asiyoijua, na hakuna mtoto aliyejali kumtafsiria, mimi nikiwa wa kwanza.

Kifurushi kilipoisha, mwanangu akasema tucheze wenyewe, kwa Kiswahili. Kitufe kikawa kifuniko cha sufuria, anayetaka kujibu anakigonga. Swali la kwanza likawa hili: Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka gani?

Kijana wa kaka akagonga kwa kujiamini: "2016!"

Bibi akanyoosha mkono, akagonga kifuniko kwa mwiko. "1973, mume wangu. Hiyo 2016 ni Magufuli kusema sasa tunahama. Uamuzi ulishafanyika zamani, baba yako hajazaliwa."

Tulicheka sana. Kijana naye akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Kisha akamuuliza Bibi alijuaje. Hapo mchezo ukageuka. Bibi akatueleza Operesheni Dodoma, miaka ya mwanzo ya sabini, watu walipohamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa; yeye alikuwa binti, alibeba kuku kichwani ndani ya tenga. Akatueleza na jina la mji, jinsi wazee wa Kigogo wanavyosimulia tembo aliyezama kwenye matope, wakasema "idodomya", amedidimia. Kijana alikuwa ameiweka simu kifudifudi. Hakuigusa hadi tulipokwenda kulala.

Sasa naona duniani kote watu wanarudisha michezo ya televisheni ya zamani. Uingereza, ITV ilirudisha Deal or No Deal mwaka 2023, na BBC ikarudisha Gladiators mwaka 2024. Jirani zaidi, Nigeria walikuwa na Who Wants to Be a Millionaire? tangu mwaka 2004. Kilisimama 2017, kikarudi 2022 na mwendeshaji yuleyule, Frank Edoho. Kwa hiyo swali kwamba na sisi turudishe vyetu si ndoto. Swali ni turudishe nini, na kwa namna gani.

Mimi ninayo mapendekezo matatu.

La kwanza ni lugha. Chemsha bongo ya Kitanzania iulizwe kwa Kiswahili, ili aliye jikoni naye aweze kujibu. Ujuzi haukai kwenye cheti peke yake. Kumbukeni Maisha Plus, kipindi cha kijana wetu Masoud Kipanya kilichoanza mwaka 2009 kupitia TBC1. Mwaka 2012 kiliungana na shindano la Oxfam la Mama Shujaa wa Chakula, wanawake wakulima wakaingia kijijini pamoja na vijana. Mshindi wa Mama Shujaa mwaka ule alikuwa Martha Waziri wa Gawaye, hapahapa Dodoma, mama aliyefufua ekari 18 za ardhi iliyoonekana haifai kwa kilimo. Kile kipindi mama yangu hakukikimbilia jikoni. Alisogeza kigoda mbele, na mshindi alipotangazwa alipiga vigelegele kama harusi ya binti yake.

La pili ni uaminifu. Marekani miaka ya hamsini walikuwa na kipindi kiitwacho Twenty-One. Mwalimu wa chuo kikuu, Charles Van Doren, alipendwa na taifa zima kwa majibu yake. Mwaka 1959 alikiri mbele ya Bunge lao kwamba alikuwa akipewa majibu mapema. Watoto wakigundua kwamba anayeshinda amepangwa, hawatajifunza kusoma, watajifunza kupangwa.

La tatu ni mlezi. Kipindi kinapobeba jina la mdhamini, uhai wake uko mkononi mwa mdhamini. Mwaka 2010 Zain iliuza biashara yake katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa Bharti Airtel, na jina lile likaondoka kwenye mabango yetu. Kipindi cha maarifa kingelelewa na vyombo vyetu wenyewe, wadhamini wakapita kama wageni. Na naomba mdhamini huyo asiwe wa kubeti. Chemsha bongo humlipa mtu kwa anachokijua. Mkeka humtoza kwa asichokijua.

Lakini hatuna sababu ya kusubiri kituo chochote cha televisheni. Tangu ving'amuzi vilipoingia mapema 2013, na simu zikafuata, kila mmoja ndani ya nyumba anaangalia chake. Jaribuni jioni moja kwa wiki. Simu kwenye kapu, kifuniko cha sufuria katikati. Kila mtu aje na maswali matano, na wazee nao waulize, wasiwe wa kujibu tu. Zawadi isiwe fedha; kwetu mshindi haoshi vyombo.

Kijana wa kaka yangu sitasema ameacha kubeti, maana bado sijui. Ninachojua ni kwamba Jumatano alimfuata Bibi mwenyewe, akakaa pembeni ya mkeka wake, akamwambia habari ya zile fedha kabla baba yake hajapiga simu. Bibi hakumfokea. Alimuuliza swali moja tu: "Sasa utazirudishaje?"

Kijana alifikiri muda mrefu. Hakukuwa na kifuniko cha kugonga. Mwisho akasema kuna jirani anajenga, anatafuta wa kubeba matofali. Alhamisi alfajiri nilisikia mlango ukifunguliwa.

Tukutane wiki ijayo.