Historia ya isimu si anasa

Makala moja iliyoviita vituo vya historia ya isimu, kama kile cha Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, anasa ya kufukua sarufi kuukuu imesahau jambo moja: kosa la mtaalamu halifi lenyewe, hufichuliwa.

Mwaka 1912 mwanaisimu Carl Meinhof alichapisha kitabu kuhusu lugha alizoziita za Kihami, akichanganya sarufi na mbari za watu. Kimaasai, Kisomali na Kifula vikatiwa chungu kimoja, na dhana hiyo ikafundishwa kama sayansi hadi mwanaisimu Joseph Greenberg alipoibomoa. Nani atueleze uzushi ulivyopata heshima ya chuo kikuu, kama si mwanahistoria wa isimu?

Kweli, kituo cha Leuven hakimfundishi mtoto kusoma. Lakini sarufi anayofundishwa ina waandishi, tarehe na maslahi. Kwa mfano, mkutano wa Mombasa wa 1928 ndio ulioteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Asiyelijua hilo huiona lahaja ya Kimvita kuwa Kiswahili kibovu.

Hatuhitaji kituo cha Leuven kifungwe. Tunahitaji vyuo vyetu vifungue vya kwao.