Magoti ya Mama

Mwezi huu tuzungumzie magoti. Katika kikundi chetu cha maombi yuko mama ambaye kila Alhamisi alipiga magoti pamoja nasi, kisha ilibidi tumshike mikono yote miwili ndipo ainuke. Alisema ni baridi yabisi tu, na kwamba dawa anapata dukani. Hatukumwuliza dawa gani, mpaka siku alipotunong'oneza kuwa anapata choo cheusi kama lami. Kumbe kwa miezi minne alikuwa akimeza diklofenaki mara tatu kwa siku, nyingine kabla hata ya kula, na tumbo lilikuwa likivuja damu. Alilazwa, akaongezewa damu, akapona. Sisi tuliosomea uuguzi tuliona haya.

Ugonjwa wenyewe huitwa osteoathritisi, wala hauletwi na baridi. Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, laini na lenye utelezi, linalozuia mifupa isisuguane. Likilika, goti huvimba, hukakamaa kidogo asubuhi, na huuma zaidi tukichuchumaa au kushuka ngazi. Huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa hedhi ikishakoma, na zaidi walio wanene au waliowahi kuumia goti.

Dawa ya kurudisha gegedu haijapatikana. Msaada upo, lakini wa kwanza ndio akina mama wengi wasioutaka: kutembea. Tukiketi tu tukidhani goti linapumzika, misuli ya paja hulegea na goti hukosa wa kulishikilia. Keti kwenye kiti, nyosha mguu mmoja, ukaze, hesabu hadi tano, ushushe. Fanya hivyo mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Siku za kwanza utauma kidogo, usiache.

Mwenye unene akipunguza kilo 1, goti hupunguziwa mzigo wa kilo kama 4 katika kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma (wengi wetu hukosea hapo). Dawa ya kupaka ijaribiwe kabla ya vidonge, na vidonge viandikwe na daktari, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo. Goti likiwa jekundu, la moto, na homa ipo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama yetu sasa husali ameketi. Mwanzoni alikataa, akiona anamkosea Mungu heshima, hadi mchungaji alipomletea kiti kwa mikono yake mwenyewe.